Siku Baba Alipomvua Nduwaro

Dada mpendwa,

Baba alifika salama, na sweta ulilomfumia linamkaa vizuri. Jumamosi sikupakia watalii. Nilimtoa yeye kwa boti yangu, mbali hadi nchi kavu haionekani.

Saa nne nduwaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, akameza chambo. Baba alipambana naye karibu saa nzima, fimbo ya mshipi imepinda, akikataa nimsaidie. "Niache! Uzee si ugonjwa!" Tulipomfikisha samaki ubavuni mwa boti na kumwachia aende zake, Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijamwona hivyo tangu mama afariki.

Kisha akanipa mkono, kwa adabu. "Ahsante, nahodha. Hata mwanangu ana boti pande hizi. Ukikutana naye, mwambie baba yake anamtafuta."

Dada, uliniandikia kwamba anasahau miwani tu.

Nilizima injini, nikapiga magoti mbele yake. Nikamtajia jina langu, la mama, lako. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa kitu asichokuwa nacho. Nikamjibu, "Nitamwambia, mzee."

Njoo, Dada. Peke yangu siwezi.

Mdogo wako.