Nyumba Isiyopigwa Risasi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kuzitukana. Mimi uzeeni huku nimepata kazi: najenga mji mezani. Mkwe wangu, fundi umeme, na wenzake wa kazini hucheza vita vya askari wa plastiki kila Jumamosi, nami ndiye mjenzi wao. Sponji za kuoshea vyombo nikizikatakata na kuzipaka kijani huwa miti. Kadibodi ukiichuna ngozi ya juu, migongo inayojitokeza huwa kama mabati ya paa.

Juzi nilijenga nyumba yetu ya utotoni, ile ile, na baraza lake na dirisha alipopenda kukaa mama yetu. Mkwe aliisifu sana, kisha akatoa kiberiti.

"Tuichome paa kidogo, Mama. Vita bila magofu havinogi."

"Hiyo ilishaungua mara moja," nikamwambia. "Inatosha."

Akarudisha kiberiti mfukoni. Wakakubaliana sheria mpya: nyumba hiyo haipigwi risasi.

Basi ungeona vituko! Kila aliyezidiwa alikimbizia askari wake barazani kwetu. Mwishowe majeshi yote mawili yakabanana pale, bega kwa bega, na uwanjani hakubaki hata mmoja wa kupigana.

"Mama, umetuulia vita!" mkwe akalalamika, wenzake wakicheka hadi machozi.

Nami nilicheka, mdogo wangu, kwa kuiona nyumba yetu imejaa watu tena.

Ni mimi dada yako, mwenye gundi vidoleni.