Beringi Ulizotuahidi

S.L.P. 46,
Kimulot.
21 Juni 1998

Mpendwa ndugu yangu Weldon,

Chamgei? U mzima huko Amerika? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri na maziwa yapo. Mguu wa mama yako umepata nafuu, siku hizi anafika kanisani bila fimbo.

Weldon, nimekukasirikia, na sitazunguka.

Unakumbuka zile beringi na gia zilizoliwa na kutu nilizokutumia kutoka kiwanda chetu cha chai? Ulisema kompyuta ya maabara yenu inapiga hesabu ya mchanganyiko wa chuma kabla hata tanuri halijawashwa, mpaka ipatikane aina isiyoshika kutu hata ikilowa maji ya majani mchana kutwa. Ukaahidi za kwanza zitakuja kwetu. Nikakuamini kabisa. Nikamwomba meneja asiagize zile za kawaida, tungojee za Weldon.

Tukangoja. Mwezi wa tano, majani yakiwa mengi, beringi kuukuu ikakwama na mashine ya kusaga ikasimama. Majani ya wakulima yakapata joto kwenye magunia, yakawa mekundu, tukayamwaga. Ya mama yako yalikuwemo. Mimi ndiye niliyefutwa kazi. Sikukulaumu, nilisema tu wazungu wamekuchelewesha.

Halafu juzi Chepngeno, binti wa shangazi anayepika katika nyumba ya wageni ya kampuni moja kubwa ya chai karibu na Kericho, akaja kunipongeza eti ndugu yetu amekuwa mtu mkubwa. Kumbe alikupakulia chakula kwa mkono wake. Uliwaletea hao matajiri beringi mpya wazijaribu, ukalala hapo, asubuhi ukamwambia una haraka ya kurudi Nairobi.

Wewe si ndugu tu. Tulitahiriwa pamoja, tukakaa menjo moja, kibanda kile cha jandoni, tukala chombo kimoja. Wewe ni botum wangu, mwenzangu wa jando, na mtu hamfanyii botum wake hivyo. Kama hao ndio walilipia utafiti na huna usemi, ungeniambia. Ningeelewa. Lakini kupita karibu namna hiyo na kunyamaza, umeniumiza sana.

Kazi nitapata. Jirani yetu Kipsang ameniita nimsaidie kwenye posho mill yake ya kusaga mahindi.

Phyllis na watoto wanakusalimu. Mama yako anakusalimu zaidi ya wote, na kila jioni anaomba Mungu akufikishe nyumbani. Nilimsihi Chepngeno asimwambie kitu. Sasa akiniuliza utakuja lini, mimi ndiye ninayemdanganya.

Mungu akulinde. Njoo umwambie mwenyewe.

Ndugu yako, ambaye hajaweza kuacha kukupenda,
Kipkosgei