Maji Chini ya Mkeka

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Malindi tu wazima, na kikohozi cha babu yako kimepungua. Unasema sakafu ya chumba chako Mtwapa inatota, nawe unamshuku jirani.

Miaka ya themanini mkeka wetu ulioza kwa chini. Mama akashikilia kuwa jirani yetu, Bi Zuhura, anatumwagia maji ya uganga. Salamu zikakatika.

Baba akachovya kidole, akaonja. "Matamu haya. Zuhura hutumia ya kisima, yana chumvi. Haya ni ya mfereji wetu."

Tukavunja saruji, tukaziba bomba lililopasuka. Sururu ya kuvunjia alituletea Bi Zuhura mwenyewe. Mama hakuweza kumtazama.

Wewe usionje, maji ya Mtwapa siyaamini. Funga mfereji wako kwanza, uone kama patakauka, kabla hujamnunia mtu.

Bibi yako