Goti la Nyevu na Dele la Abdulghani

Kalama wa Kenga,
Fundi Cherehani,
Mtongwe, Likoni,
Mombasa.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Mpendwa mkoi wangu Dama,

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia watu wote wa Likoni na wa Maskati kwamba mimi, Kalama wa Kenga, umri miaka hamsini na mitatu, kiuno inchi arubaini na mbili, nimekabidhiwa rasmi dele la kahawa la Bwana Abdulghani. Tangu jana alasiri nawamiminia watu kahawa barazani, na nitaendelea hivyo kwa siku saba mfululizo, bila likizo wala rufaa. Mgeni wa heshima hakutokea. Hotuba zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za kunicheka.

Haya, sasa nikuamkue kama mtu aliyelelewa. Hujambo, binamu yangu? U mzima? Joto la huko limepungua, au jiko la hospitali bado linakukausha kama samaki wa ng'onda? Na mgongo je? Sisi huku hatujambo, tunakula, tunalala, tunashukuru. Mke wangu Josephine mzima, anakusalimu sana, ingawa mimi hanisemeshi vizuri tangu Jumamosi. Sababu utaiona mbele.

Najua utauliza, kwa nini karatasi na simu ipo? Wewe mwenyewe ulisema zile sauti zangu za dakika kumi na moja unazisikiliza ukimenya vitunguu, ili machozi yapate kisingizio. Basi hii utakaa uisome. Safwan, mkwewe Abdulghani, anapanda ndege Ijumaa kurudi kazini huko, naye nitampa barua hii, chupa mbili za achari ya maembe na mfuko wa visheti. Ukiona visheti vimepungua, muulize yeye kwanza.

Tuje kwenye jambo lenyewe, maana najua umeyaruka hayo yote ya juu. Uliniachia neno moja tu: mwanao Nyevu acheze mechi hii moja ya tenisi, kisha mimi nikuandikie ilivyokuwa, nawe ndipo uamue kama fomu yake itatiwa sahihi aende na timu ya Pwani mwezi wa Disemba, au raketi itapanda juu ya kabati na mtoto arudi kwenye vitabu. Yeye mwenyewe alikupigia Jumamosi akakwambia goti zima, mengine mjomba ataandika. Mjomba ndiye huyu.

Dama, laiti ungeiona wiki ile! Miezi kumi na mitatu tangu mshipa wa goti ukatike, tangu nimbebe mgongoni mwanao kutoka uwanjani mpaka barabarani huku yeye akilia na mimi nikilia zaidi. Miezi ya magongo, ya mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi ya mbele ya duka langu, mara mia asubuhi na mara mia jioni, mpaka wateja wakadhani ni saa ya ukutani. Sasa anarudi! Na anarudi kwa nani? Kwa Raghad, binti wa mtaa wa Junda, yule yule aliyekuwa akicheza naye siku ile. Mtongwe nzima ilikuwa na homa.

Unaijua desturi ya baraza la Abdulghani. Ubao mweusi, chaki, na kila mtu anaandika utabiri wake mbele ya macho ya wenzake. Ukikosea, unabeba dele. Mimi mwaka huu nimelibeba mara mbili kwa ajili ya kandanda, kwa hiyo ungetarajia nimepata akili. Wapi! Ijumaa alasiri nikashika chaki nikaandika kwa herufi kubwa: NYEVU, SETI MBILI KWA BILA.

"Fundi," Abdulghani akaniambia, "wewe mpira wa tenisi umeushika lini?"

"Sijaushika. Lakini goti nimelishika."

Na kweli, nimelishika. Sijawahi kukwambia hili, maana ungenicheka. Kila asubuhi kabla hajaenda shule, Nyevu alikuwa akipita dukani nami nikimpima magoti yote mawili kwa tepu yangu ya kushonea, nikaandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Mwezi wa Januari goti la kulia lilikuwa limelizidi la kushoto kwa inchi nzima kwa uvimbe. Mwezi wa Mei, nusu. Agosti, robo. Ijumaa ile nikapima mara tatu nikavua miwani, nikavaa tena: yako sawa! Kumi na nne na robo, kumi na nne na robo! Nilitaka kumwita Josephine aje aone, nikajikuta nimeita mtaa mzima.

"Yakhe, goti si suruali," Abdulghani akasema. "Tepu itakwambia unene. Woga itakupimia wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikaongeza kwa chaki alama ya mshangao.

Jumamosi tulipitia barabara ya Dongo Kundu tukaikwepa feri, saa mbili tukawa Chaani, Changamwe, kwenye uwanja. Nyevu alivaa ile sketi nyeupe niliyomshonea, yenye mfuko wa kuwekea mpira. Mfuko nilikuwa nimeuweka upande usio wake, akacheza mechi nzima akijitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hilo nalo liandike kwenye hesabu ya dhambi zangu.

Tukakaa kwenye benchi, mimi, Josephine, na ubavuni mwangu Bi Hafswa, mamake Raghad, mwanamke wa heshima zake, kanga mbili na birika la chai. Akatumiminia chai na sisi, watu wa upande wa adui. Nilimwambia, "Bi Hafswa, nakuonea huruma kwa yatakayokupata leo." Akajibu, "Kunywa chai, baba, ingali ya moto."

Seti ya kwanza, Nyevu sita, Raghad nne. Dama! Mtoto anapiga mpira unasikika kama mlango uliobamizwa! Nikasimama mara nne, refa akaniketisha mara nne. Seti ya pili Raghad akaamka, tatu kwa sita, na hapo hapo utabiri wangu wa mbili kwa bila ukawa umekwenda na maji. Sikujali. Nilisema dele nitalibeba kwa furaha, bora ashinde.

Seti ya tatu ikaja, hata waliokuwa wakiuza mahamri nje ya wigo wameacha kuuza. Nyevu tano, Raghad nne, na Nyevu ndiye anayeanzisha. Akafika mahali pa kubakiwa na pointi moja tu amalize. Moja! Kisha pakavuma upepo, mambo yakageuka, Raghad akaipata ile, akapata na nyingine, mwisho wake akashinda saba kwa tano.

Basi, ameshindwa, lakini hakushindwa vibaya. Jumapili asubuhi nilimpima kabla ya kwenda kanisani: kumi na nne na robo pande zote. Hachechemei. Jana amepanda ngazi zake mara mia kama kawaida.

Huku mengine ni salama. Nyumba yako tumeipaka chokaa upande wa barabara, na ule mpapai uliosema ukatwe haujakatwa kwa sababu umezaa siku ya pili yake, umejua. Kaingu, nduguyo, amepata kibarua bandarini na anasema atakupigia. Mamako anakula vizuri na anatugombeza vizuri zaidi. Nisalimie wenzako wote wa jikoni, na yule rafiki yako wa Kaloleni.

Nilifika hapo, Dama, nikakunja barua, nikaitia kwenye bahasha. Kisha alasiri nikaenda kumimina kahawa, na nilipokuwa nikimimina, Abdulghani, niliyemsimulia mechi kama nilivyokusimulia wewe, akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, hivi Jumamosi Changamwe kulikuwa na upepo? Mbona huku hakukutikisika hata jani?" Nimerudi nyumbani nimeifungua bahasha. Hakukuwa na upepo wowote.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Pointi moja amalize. Nyevu akaanzisha, Raghad akarudisha, wakapelekana nyuma kabisa ya uwanja, kisha Raghad akaugusa mpira kidogo tu, ukavuka wavu ukataka kufia papo hapo karibu. Ni mpira ule ule. Ule wa mwaka jana, alioukimbilia, tukasikia lile goti. Na Nyevu akaanza kukimbia. Nakuapia, alianza, hatua mbili, tatu, uso umejaa ari, angeufikia. Na mimi, mtabiri mkuu wa Mtongwe, mwenye kuandika kwa herufi kubwa, nikasimama nikapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani:

"Uache! Nyevu, uache! Goti!"

Akasimama. Mpira ukadunda mara ya pili mbele yake. Uwanja mzima ukageuka kunitazama mimi, sio yeye.

Refa akaja mpaka kwenye benchi. "Mzee, ukifungua kinywa tena, utamalizia mechi kule nje na wauza mahamri." Josephine akafunika uso. Bi Hafswa akakunja pembe ya kanga yake, akanionyesha. "Wallahi, baba, ukipaza sauti tena nitakuziba na hii. Mtoto hakuogopa. Umeogopa wewe."

Mamake mpinzani ndiye aliyesema hivyo, Dama. Na ni kweli. Tepu nilikuwa nikiifunga kwenye goti la mtoto kila asubuhi, na woga wote ulikuwa wangu.

Pointi tatu zikapotea, akili yake ikiwa bado huku kwangu. Lakini sikiliza hii, maana hii ndiyo niliyokunjulia barua. Saba kwa tano haijafika bado, ni tano kwa sita, Raghad anakaribia kumaliza, na kwa kuwa ilimfaa mara ya kwanza, akaugusa tena. Mpira ule ule, pembe ile ile. Mimi nikashika kinywa changu kwa mikono yote miwili, na juu yake Bi Hafswa akaweka kanga.

Akakimbia! Dama, mwanao akakimbia kana kwamba goti hajawahi kuwa nalo! Akateleza kwa mguu ule ule wa kulia, akaufikia mpira ukiwa umebakiza kidole kimoja kugusa saruji, akauinua juu ya kichwa cha Raghad ukaenda kuangukia kwenye mstari wa nyuma. Pointi! Watu wakapiga kelele, Bi Hafswa naye akapiga makofi akasahau ni wa upande gani, na mimi nikalia ndani ya kanga ya mwenyewe. Pointi mbili baadaye mechi ikaisha, ameshindwa. Wasichana wakakumbatiana pale wavuni muda mrefu.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Tulipofika Dongo Kundu, Nyevu akaniita.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Mechi ijayo utabaki dukani."

"Nitabaki."

"Na mama umwandikie wewe. Usimwandikie nani kashinda. Mwandikie kuwa nilikimbia."

Nami nimekuandikia yote mawili, kwa sababu uliniomba ukweli. Alishindwa kwa kinywa changu, na goti lake halina kosa. Jana alasiri alikuja barazani na sare zake za shule, akaketi kati ya wazee, akaninyooshea kikombe nimmiminie, akasema mbele ya wote, "Jaza, mjomba." Nikajaza. Leo kaja tena. Nadhani atakuja siku zote saba.

Sahihi ni yako, binamu. Mimi kazi yangu ni kumimina.

Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu na mgongo mzima.

Ni mimi nduguyo na mtani wako, nikupendaye,
Kalama