Mlango wa Kuni

Kisii Mjini,
Jumatano.

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba kidonda cha kiganja kimeanza kukauka na usingizi unaupata. Mtoto wa jicho je, bado anakusumbua? Na majani ya chai yalipona ile mvua ya mawe? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Nyangau alikuombea kanisani mbele ya watu wote, na unavyojua anavyoogopa kipaza sauti.

Barua hii ataileta Nyabuto wa dukani kwetu. Namwomba wifi yangu Abigael, anayekaa nawe, akusomee polepole, asiruke mstari hata akinionea aibu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiwe mwalimu wangu, na barua zangu za bweni ulikuwa ukizirudisha zimejaa wino mwekundu. Nimejaribu kukupigia simu. Kila ukipokea na kuniita mwanangu, nauliza habari za ng'ombe, kisha naaga.

Kaka Cleophas ameniambia kwamba Jumapili familia itakutana kuamua uhamie kwake Nyamira na jikoni kwako kufungwe. Anasema umeanza kusahau, na kuungua kwako Ijumaa ndiko kulikommaliza nguvu. Anasema wewe mwenyewe umekubali, na kwamba hata darasa la Sabato la watoto umeliacha, unaogopa kuwafundisha makosa. Mama, usifunge hata kikapu kimoja kabla hujanisikiliza.

Unakumbuka tulipomaliza kujenga nilivyohangaika kutafuta jiko la chuma la zamani, la kuni, kama nililokulia mbele yake. Gesi ninayo, lakini moyo ulikataa kutulia. Nilizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu, nikabisha hodi kwenye nyumba za watu nisiowajua. Ogari, fundi wa kuchomelea pale Masimba, ndiye aliyenifundisha kutambua umri wa majiko haya. Alinieleza kwamba nisidanganywe na miguu wala bomba la moshi, maana hivyo hubadilishwa. Lenye kipimajoto mlangoni mara nyingi ni la juzi juzi kuliko lisilo nacho. Zaidi ya yote nitafute maandishi yaliyotoka kiwandani pamoja na chuma chenyewe, ndani ya mlango wa oveni, yalikofichwa na masizi. Basi nikawa natembea na brashi ya waya na chupa ya mafuta taa mkobani. Nyangau alisema wanawake wenzangu wanabeba manukato.

Keroka nilipata moja jeusi, zima kabisa, nikalinunua kwa pupa. Ogari aliliangalia tu akasema ni la miaka ya hamsini. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Ndipo bawaba ya oveni yako ikakatika, nikaja na Ogari kuitazama. Wakati wewe unatutengea chai, mimi nilisugua ndani ya mlango. Ukatokea mwaka wa 1911. Jiko ambalo marehemu Baba alilinunua kwa yule mzungu wa Sotik aliyekuwa akihama, jiko ulilolipikia miaka yote ile bila kujivuna, ndilo nililokuwa nikilitafuta kote. Nilikwambia tunalipeleka Masimba kutengenezwa, na wiki iliyofuata pikapu ikakurudishia jiko. Ulinishukuru. Ulipopapasa mlango ukagusa kioo, nilikwambia fundi ameongeza kipimajoto.

Kisha ukaniuliza mbona mlango wa kuni uko mkono wa kulia, na wewe siku zote ulikuwa ukichochea kwa kushoto. Nami nilikujibu, bila kupepesa jicho, kwamba umekuwa kulia siku zote, kwamba umesahau tu, Mama, ni umri.

Kisha ukasema labda ni kweli.

Mama, jiko lililo kwako si lako. Ni lile la Keroka. La kwako liko hapa kwangu, nimelipaka rangi nyeusi, nimeliwekea maua juu, na wageni hupiga picha mbele yake. Nimeliwasha mara mbili tu. Ogari nilimdanganya kwamba umeridhia. Cleophas hangeweza kujua, maana tangu atoke jandoni hajawahi kutia mguu jikoni kwako, na Abigael alipoolewa alilikuta hilo la Keroka tayari. Mimi tu ndiye niliyejua, na wewe, mpaka nilipokutoa katika kujua kwako.

Ijumaa, ukiharakisha maandalio ya Sabato kabla jua halijatua, ulinyoosha mkono wa kulia kutoa viazi ndani ya oveni, mahali oveni ilipokuwa tangu nizaliwe, ukashika mlango wa kuni wenye moto. Niliposikia uliomba radhi kwa Abigael kwa ajili ya uzee wako, nilikaa kwenye sakafu ya jikoni kwangu kuzuri nikalia. Hukusahau kitu. Hata yale maswali unayomuuliza Abigael kila jioni, kama kuku wamefungiwa, kama chumvi umetia, ni mimi niliyekutia shaka hiyo.

Keshokutwa asubuhi nitakuja na Ogari, jiko lako liwe mahali pake kabla ya maandalio. Jumapili nitayasema haya mbele ya Cleophas na baba wadogo, kwa mdomo wangu. Wakitaka kunitukana, waache. Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba ukatae kuhama, na Sabato hii urudi kwa watoto wako wa darasa.

Nisalimie Cleophas, ingawa najua salamu zangu atazipokea vibaya. Abigael mwambie ahsante kwa kusoma, na asikuache peke yako sasa hivi. Mungu akuponye kiganja.

Ni mimi, binti yako uliyemwamini kuliko mkono wako mwenyewe,

Kwamboka.