Mama Chini ya Kamera

Jumanne, 4 Machi 2025

Naboth amekuja hapa kwetu Nakivale, makazi ya wakimbizi, kupiga filamu ya wakimbizi wakulima. Ana studio Mbarara, kule Nyamityobora. Mimi msaidizi wake — nashika reflekta ya kurudisha mwanga, nafunga nyaya, naitikia ndiyo bosi. Kesho ni zamu ya mama yangu! Tangu jioni anapiga pasi imvutano, vazi lake la misa, lile la bluu.

Jumatano, 5 Machi

Nina hasira.

Kiti chetu ni kimoja. Mama akampa Naboth, yeye akaketi mkekani. Nikamnong'oneza akae kitini. Akanikata jicho: "Mugeni haweze kukaa chini kwangu, Élyse. Ni mimi nilikufunza ivyo?" Kwetu Warundi mgeni hupandishwa, mwenye nyumba hushuka. Basi Naboth kakaa, miguu kaitanua, akampiga mama picha kutoka juu. Heshima yake ikageuka unyonge! Kwenye kozi ya filamu tulifundishwa: kamera ikiwa juu, mtu anakuwa mdogo, kama aliyeshindwa. Ikiwa usawa wa macho, mnazungumza. Naboth anayajua hayo kunishinda.

Halafu imvutano haikumfaa Naboth. Eti mama avae nguo ya shambani. Halafu: "Wewe, funga hiyo dirisha. Mimi nataka giza kidogo kwa uso." Nusu ya uso wa mama ikapotea. Anasimulia maharage yalivyozaa mwaka huu, anacheka — na mwanga unatangaza msiba.

Dirisha nililifunga mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 17 Machi

Mbarara. Nimeona montaji, filamu ilivyokatwa na kuungwa. Rangi zote kaondoa. Kicheko kakikata. Nikamwomba turudi, tumpige mama mlangoni, juani, kamera iwe chini kidogo, asimame kama anavyosimama kila siku. Naboth akasema wafadhili hawatoi kitu kwa mtu anayecheka. "Hiyo engo imeongea yote, nyabo. Kazi unataka ama hutaki?"

Naitaka. Ningekuwa na nyingine ningemtemea mate.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nje ya ukumbi wanamoonyeshwa wafadhili filamu, kwenye ngazi. Ndani sikuweza kubaki.

Mama wamemleta kwa gari, na imvutano yake, wakamweka mstari wa mbele kati ya wageni. Nami pembeni yake. Taa zikazimwa. Akatokea mwanamke wa kijivu, mdogo, kajikunja chini kabisa ya skrini, uso nusu giza, muziki unalia kwa niaba yake. Watu wakaguna kwa huruma. Mama hajawahi kujiona kutoka juu. Nani amewahi? Akafanya ishara ya msalaba, akaninong'oneza: "Masikini, uyu mama. Hana hata mutoto wa kumusaidia?"

Nikainuka, nikatoka.

Bado nasikia muziki. Ukiisha tu, inaanza sauti ya mama mwenyewe, naye ataitambua.