Meko ya Mawe na Ujira wa Baba

Nyumbani, nyumba ya kona,
Jumamosi asubuhi, tarehe 13 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale mapacha ambao nasikia siku hizi wanagombania hata kivuli. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya huko isikudanganye ukalala bila soksi. Sisi hatujambo. Mimi mafua yamenitembelea wiki nzima na hayaonyeshi dalili ya kuaga, lakini kalamu naishika.

Uliponiuliza kwenye simu habari za meko nilijibu "yanaendelea" nikakata. Nisamehe. Hayakuwa mambo ya kusimulia kwa dakika mbili.

Wazo lilikuwa la wifi yako. Unajua Baba alivyo tangu mikono ianze kutetemeka akafungia mwiko na nyundo kabatini. Mtu aliyejenga nusu ya mtaa huu, anashinda chumbani akitazama ukuta, chakula anapelekewa. Miezi mitano hakuvuka mlango wa nyuma. Wifi yako akasema tukijenga mahali pa kuotea moto uani, kwa mawe ya asili, tukaweka viti kuzunguka, huenda mzee akatoka. Mimi, Dada, nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilianza kuzoea kumwona vile, na huko kuzoea ndiko kulikonitisha.

Basi nikakaa na daftari. Mawe lori moja, saruji mifuko sita, mchanga, kokoto za msingi, matofali ya kuhimili moto kwa upande wa ndani, bomba la moshi, ujira wa fundi siku nne. Jumla ikanitoa jasho. Ile laki mbili uliyotuma ilifika, ahsante sana, ila ilikuwa kama theluthi tu. Wewe huniita mkono wa birika, nami sikatai, nikaanza kukata huku na huku. Kwenye mawe ndipo nilipojiona mjanja kuliko wote: nilipata mawe ya mtoni, laini, ya mviringo, nusu ya bei ya yale ya machimboni. Rahisi huvunja upishi, tunajua sote, lakini methali huwa ni za kuwaonya wengine.

Baba tulimficha. Tuliogopa atataka kubeba mawe aumie, kwa hiyo wifi yako akamwambia tunajenga banda la kuku. Siku ya pili mzee akauliza kupitia dirishani ni kuku gani hao wanaochimbiwa msingi wa futi mbili. Tukacheka, tukabadili mazungumzo. Yeye hakucheka, na jioni ile sahani yake ilirudi kama ilivyokwenda. Hapo moyo ulinisuta. Fundi wa miaka arobaini, watu wanajenga nyumbani kwake, halafu anadanganywa kama mtoto mdogo!

Lori lilipokuja kumwaga mawe, nikaona mlango wa nyuma unafunguka. Baba huyo, kandambili miguuni, vifungo vya shati vimekwenda upande. Akaagiza nyundo yake. Akainama, akagonga jiwe la kwanza, la pili, la tatu, kila moja akilitegea sikio.

"Nani kanunua haya?"

Fundi tuliyemkodi akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

"Haya yamekunywa maji miaka na miaka. Yakipata moto yatapasuka, vipande viwarukie wajukuu zangu usoni. Ndiyo bajeti hiyo?"

Nilimgeukia fundi, akakiri kwamba alijua, ila aliniona nimefurahi mno na ile bei. Nikalipia lori la pili, la machimboni. Yale ya mtoni nimeyapanga kando ya njia ya bustani, na kila nikipita nahisi yananicheka.

Nilimwomba Baba radhi, nikamwomba asimamie. Akasema hajawahi kufanya kazi ya mtu bure, na kwa kuwa tulimficha, basi kazi hii ni ya kwangu, si ya kwake. Alitaka ujira sawa na wa fundi. Nikafungua daftari, nikalifunga. Tukapatana.

Dada, ungemwona! Saa moja asubuhi ameshaoga, ameshavaa nguo za kazi, yuko kwenye kigoda anagonga mawe. Linaloitika vizuri linakwenda mekoni, lenye sauti ya kufa linatupwa pembeni. Pima maji ya fundi, ya kupimia usawa wa ukuta, hakuiamini hata kidogo, alikuwa akifumba jicho moja tu na kusema, "Bomoa hapo." Fundi alibomoa mara tatu bila kununa. Siku yake ya nne kazini nilimkabidhi Baba ujira wake. Alizihesabu noti mara mbili, mikono ikitetemeka, akazifungia kwenye mfuko wa shati. Mimi nikaingia chumbani nikalia. Usimwambie mtu.

Bajeti imepasuka vibaya. Usitume chochote, sikuandika kwa ajili hiyo. Rangi ya geti itasubiri mwaka ujao.

Tulingoja siku kumi pakauke, maana Baba hakutaka hata kiberiti kisogee. Jana jioni ndipo tukawasha. Alikula sahani mbili, nje, akiwa na watu. Jirani yetu mwalimu akaja, akazunguka meko yale mara mbili, akauliza ni nani aliyejenga kazi safi namna hii. Fundi alikuwepo, na kabla hajafungua mdomo Baba akajibu, "Mimi. Mikono nilikodi." Fundi ndiye aliyecheka kutushinda wote.

Nisalimie shemeji na hao mapacha. Wifi yako na Shangazi wanakusalimu kwa mikono miwili. Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia ya kuja kutuona.

Nilitaka Baba akuongezee mistari miwili hapa chini, lakini kiti chake ki kitupu. Ametoka na nyundo tangu asubuhi, kaenda kumchagulia mwalimu mawe.

Mdogo wako, akupendaye bila hesabu.